Padre Marin Mersenne: Mtawa Mwenye Maswali na Namba Tasa Zilizopewa Jina Lake

Kila Jumamosi soko la Lyulilo, jirani na Matema wilayani Kyela, hupokea mitumbwi iliyosheheni vyungu vya akina mama wa Kikisi. Vyungu hivyo hufinyangwa katika vijiji vilivyobanwa kati ya maji ya Ziwa Nyasa na kuta za milima ya Livingstone, navyo husafirishwa ziwani vikiwa vimefungwa kwa uangalifu ili visigongane. Vikishateremshwa hupangwa chini, na mnunuzi hupita kati ya safu akivigonga kwa kidole asikie vinavyolia. Mama mwenye vyungu 12 aweza kuvipanga safu 3 za vyungu 4, au safu 2 za vyungu 6, na mpango ukapendeza. Akiongezewa chungu kimoja tu, vikawa 13, mpango unakataa. Ajaribu safu 2, kimoja kitabaki. Ajaribu 3, kimoja kitabaki. Ajaribu 4, kimoja kitabaki. Ajaribu 5, vitabaki 3. Hana budi kuvipanga vyote katika mstari mmoja mrefu, au kuuza kimoja upesi.

Namba ya namna hiyo, isiyogawanyika bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe, watoto wetu wa shule za msingi huijua kwa jina la namba tasa. Jina hilo lina ukali wake, na pengine halikutenda haki, kwa kuwa namba hizo ndizo mama wa namba nyingine zote: 12 huzaliwa na 2 na 2 na 3, na 35 huzaliwa na 5 na 7. Wahenga wa hesabu walizifahamu tangu kale. Eukleide alikwisha kuonyesha kwamba hazina mwisho, na Eratosthene, aliyezaliwa Kirene katika nchi inayoitwa leo Libya na kufanya kazi Aleksandria ya Misri, aliacha njia ya kuzichekecha inayofundishwa mpaka leo. Ila namba tasa zilizo kubwa kuliko zote zinazojulikana kwa sasa hazikupewa jina la hao wawili. Zinaitwa kwa jina la padre mmoja mtawa, mtoto wa wakulima, aliyeishi miaka mingi katika chumba kidogo cha konventi mjini Paris, naye ndiye tunayetaka kumsimulia hapa.

Marin Mersenne alizaliwa tarehe 8 Septemba 1588, siku ambayo Kanisa huadhimisha Kuzaliwa kwa Bikira Maria, karibu na kijiji cha Oizé, katika jimbo la Maine nchini Ufaransa. Wazazi wake walikuwa watu wa jembe, wasio na mali, lakini walipoona kwamba mtoto anapenda vitabu hawakumzuia. Alisoma kwanza mjini Le Mans, kisha mwaka 1604 akaingia katika chuo kipya cha Wajesuiti huko La Flèche. Katika chuo hicho hicho alisoma pia René Descartes, mdogo wake kwa karibu miaka minane, ingawa urafiki wao mkubwa ulikuja baadaye, wakiwa watu wazima. Kutoka La Flèche alikwenda Paris kusoma taalimungu katika Chuo Kikuu cha Sorbonne.

Mwaka 1611, akiwa na umri wa miaka 22, aliingia katika Shirika la Waminimi. Yafaa kueleza kidogo juu ya shirika hilo, kwa kuwa halijulikani sana kwetu. Lilianzishwa na Mtakatifu Fransisko wa Paola, mkaa pweke wa Italia, aliyefariki nchini Ufaransa mwaka 1507. Jina lenyewe lina maana ya walio wadogo kupita wote. Zaidi ya nadhiri tatu za ufukara, useja na utii, Waminimi waliweka nadhiri ya nne: kuishi maisha yote kana kwamba ni Kwaresima, bila nyama, bila mayai, bila maziwa wala kitokanacho na maziwa. Mersenne aliishika nadhiri hiyo kwa miaka 37. Alipewa daraja takatifu ya upadre, akatumwa Nevers kufundisha falsafa na taalimungu, na ilipofika mwaka 1619 alirudishwa Paris, katika konventi ya Waminimi iliyokuwa karibu na Uwanja wa Kifalme. Alihama humo kwa safari chache tu: Uholanzi mwaka 1630, Italia mwaka 1644 na 1645, na pande nyingine za Ufaransa. Maisha yake mengine yote aliyamaliza hapo.

Vitabu vyake vya kwanza vilikuwa vya mabishano. Mwaka 1623 alitoa kitabu kinene cha Kilatini juu ya sura za kwanza za Kitabu cha Mwanzo, akiwashambulia wakana Mungu, wachawi, na wale waliochanganya dini na unajimu. Humo aliandika kwamba Paris peke yake ilikuwa na wakana Mungu 50,000. Hakuwa amewahesabu. Idadi hiyo ilizua maneno, na kurasa zilizoibeba ziliondolewa katika nakala nyingi na kuwekwa nyingine mahali pake. Tunataja jambo hili bila kumwonea mtu aliyekufa zamani, maana kijana mwenye bidii ya imani huweza kukimbilia idadi kubwa ili asikike. Lakini ni vema likumbukwe tutakapofika kwenye orodha aliyoiandika miaka 21 baadaye.

Mwaka 1625 alitoa kitabu kingine, juu ya ukweli wa sayansi, dhidi ya watu waliosema kwamba binadamu hawezi kujua jambo lolote kwa hakika. Kitabu hiki ndicho kilichomgeuza. Kwa kutafuta mahali ambapo shaka haiwezi kuingia, alifika kwenye hisabati. Mtu aweza kubishana juu ya harufu, rangi na ladha, na kila mmoja akabaki na lake. Lakini 3 mara 4 ni 12 kwa mwamini na kwa asiyeamini, kwa Mkatoliki na kwa Mprotestanti, na Mersenne aliona katika uthabiti huo zawadi ya Muumba ambayo haikunyimwa mtu yeyote. Tangu hapo ukali wa ujana wake ulipungua mwaka hadi mwaka. Aliyeanza kwa kuwapigia kelele wapinzani aliishia kuwakaribisha chumbani mwake. Aliandikiana na Waprotestanti wa Uholanzi na kumsaidia Thomas Hobbes, Mwingereza aliyeshukiwa na wengi kuhusu imani yake. Baadhi ya watawa wenzake hawakupendezwa. Yeye aliendelea.

Chumba chake kikawa kama bandari. Katika siku ambazo hapakuwa na majarida ya sayansi, mtu aliyegundua jambo alimwandikia Mersenne, naye alinakili, akatuma kwa mwingine, akauliza maoni, akarudisha majibu pamoja na swali jipya. Galileo alipata barua zake; vivyo hivyo Torricelli huko Italia, Huygens baba na mwana huko Uholanzi, Gassendi aliyekuwa padre mwenzake na rafiki wa moyoni. Descartes alipojificha Uholanzi ili afanye kazi kwa utulivu, Mersenne ndiye aliyekuwa mlango wake. Na kitabu cha Descartes juu ya tafakari za kifalsafa kilipokuwa tayari kuchapwa mwaka 1641, Mersenne ndiye aliyekizungusha kwa wasomi na kukusanya pingamizi zao. Kuanzia mwaka 1635 alianzisha mikutano ya wanahisabati wa Paris. Étienne Pascal alihudhuria akiongozana na mwanawe Blaise, aliyekuwa bado mtoto, na ambaye akiwa na miaka 16 alitoa andiko lake la kwanza juu ya maumbo ya jiometri. Barua za Mersenne zilizokusanywa na kuchapwa katika karne ya 20 zimejaza majuzuu 17.

Miaka baada ya kifo chake, Blaise Pascal alimwelezea kuwa mtu mwenye kipaji cha pekee cha kuuliza maswali mazuri, ingawa hakuwa na bahati ile ile ya kuyajibu. Wengine husoma maneno hayo kama kejeli. Kwa maoni yetu ni sifa, tena sifa ya haki.

Jambo la Galileo lilimgusa kwa karibu. Hukumu ya mwaka 1633 ilipotolewa, Mersenne hakuvunja utii, wala hakuwa tayari kusema kwamba mwendo wa dunia kulizunguka jua ulikuwa umekwisha kuthibitishwa. Lakini hakukubali kwamba kazi nyingine za mzee yule zipotee. Mwaka 1634 alitoa kwa Kifaransa kitabu cha Galileo juu ya mitambo, na mwaka 1639 akatoa muhtasari wa kazi yake ya mwisho juu ya mwendo wa vitu. Kisha alizirudia hesabu na majaribio hayo mwenyewe, na alipopata tofauti aliitaja. Hakumpa hata Galileo imani ya bure.

Alipenda muziki, na kitabu chake kikubwa juu ya ulinganifu wa sauti, kilichochapwa mwaka 1636 na 1637, ndicho kilichompa heshima kubwa enzi zake. Alinyosha nyuzi ndefu mno, ndefu kiasi kwamba mtikisiko wake huonekana kwa macho, akahesabu, kisha akaeleza jinsi urefu, unene na mkazo wa uzi unavyoamua sauti. Mpiga gitaa yeyote wa kwaya zetu anaitumia kanuni hiyo kila anapokaza uzi, ajue asijue. Aliandika moja baada ya nyingine njia zote 720 za kupanga noti 6. Mtu asiyeona raha katika kuhesabu hawezi kufanya kazi hiyo.

Sasa tuje kwenye namba. Mtakatifu Augustino, katika kitabu chake juu ya Mji wa Mungu, alikwisha kutafakari kwa nini Mungu aliumba kwa siku 6, akaona kwamba 6 ni namba timilifu: vigawo vyake vilivyo vidogo kuliko yenyewe, yaani 1, 2 na 3, vikijumlishwa hurudisha 6 ile ile. Inayofuata ni 28, ambayo ni jumla ya 1, 2, 4, 7 na 14. Kisha huja 496, na halafu 8128. Eukleide alionyesha jinsi namba hizo zinavyozaliwa. Chukua 2, izidishe kwa 2 mara kadhaa, toa 1. Jibu likiwa namba tasa, hapo utaipata namba timilifu kwa kulizidisha jibu hilo na nusu ya ile namba uliyokuwa nayo kabla ya kutoa 1. Kwa mfano, 2 mara 2 mara 2 ni 8. Toa 1, ni 7, nayo ni tasa. 7 mara 4 ni 28. Kwa hiyo mwenye kutafuta namba timilifu analazimika kutafuta kwanza namba tasa za umbo hilo, na mwandishi wa kitabu juu ya siku sita za Mwanzo asingeweza kulipita swali hili.

Kwa kufupisha, wanahisabati huandika 2³ − 1 kwa ile 7, na 2⁵ − 1 kwa 31. Hiyo tarakimu ndogo ya juu huitwa kipeo. Kipeo kisipokuwa namba tasa, jibu pia haliwi tasa. Hilo si gumu kulionyesha. Lakini kipeo kuwa tasa hakutoshi. Kipeo 11 ni tasa, na 2¹¹ − 1 ni 2047, ambayo ni 23 mara 89. Hapo ndipo ugumu ulipo. Pietro Cataldi wa Bologna, kwa kugawanya na kugawanya bila kuchoka, alikwisha kuthibitisha kwamba vipeo 17 na 19 vinatoa namba tasa. Na kazi hiyo aliifanya mwaka 1588, mwaka ule ule Mersenne alipozaliwa.

Kati ya watu waliomwandikia Mersenne juu ya jambo hili, wawili hawakuwa wanahisabati wa kazi. Bernard Frénicle de Bessy alikuwa mtumishi wa serikali katika mambo ya sarafu. Pierre de Fermat alikuwa mwanasheria katika mahakama kuu ya Toulouse. Hesabu kwake zilikuwa burudani ya jioni, na karibu kila alichokigundua kimetufikia kupitia barua. Mwaka 1640 Fermat alimwandikia Mersenne juu ya njia ya mkato. Iwapo kipeo ni tasa, kisichokuwa 2, basi kila kigawo cha ile namba kikigawanywa kwa kipeo mara mbili lazima kibaki 1. Kwa kipeo 37, mtu hana haja ya kujaribu 3, 5, 7, 11 na nyingine zote. Ajaribu zile tu zinazobaki 1 zikigawanywa kwa 74. Fermat alifuata njia hiyo, akaikuta 223, yaani 74 mara 3 na kuongeza 1, nayo ikaigawanya 2³⁷ − 1 bila baki. Matawi mengi yalikatwa kwa pigo moja.

Mwaka 1643 Mersenne alimtumia Fermat swali juu ya namba 100,895,598,169: je, ni tasa au sivyo? Jibu lilirudi kwamba ni zao la 898,423 na 112,303, na kwamba hizo mbili zote ni tasa. Msomaji mwenye muda aweza kuzizidisha, na ataona kwamba Fermat alisema kweli. Tunapoikumbuka barua hii hatumwazii Fermat peke yake, bali pia mtawa aliyekaa na swali kama hilo, akajua ni nani hasa katika Ufaransa nzima wa kumpelekea.

Mwaka 1644, katika dibaji ya kitabu chake juu ya fizikia na hisabati, Mersenne alitoa tamko lake maarufu. Alisema kwamba kwa vipeo vyote hadi 257, namba tasa hupatikana kwa vipeo 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257 tu. Namba 2²⁵⁷ − 1 ina tarakimu 78. Hakutoa uthibitisho, wala hakuonyesha hesabu yoyote ya vile vipeo vikubwa. Na papo hapo, katika maandishi hayo hayo, alikiri kwamba kuijua namba ya tarakimu 15 au 20 kama ni tasa au sivyo, kwa njia zilizojulikana wakati huo, ni kazi ambayo muda wote usingetosha kuimaliza.

Basi alijuaje? Tukizingatia kwamba alikuwa na uzoefu wa miaka mingi, na barua za Fermat na Frénicle mezani, twaweza kusema alikisia kwa akili. Lakini aliandika kama ajuaye. Hapa yule kijana wa wakana Mungu 50,000 anachungulia tena kidogo. Tofauti ni kwamba safari hii idadi yake haikumdhuru mtu, na kila mtu mwenye subira angeweza kumsahihisha.

Alikuwa na miaka minne tu ya kuishi. Katika kiangazi cha mwaka 1648, siku ya joto kali, alikwenda kumtembelea Descartes aliyekuwa Paris, akanywa maji baridi, akarudi mgonjwa. Madaktari walimtibu kwa njia za wakati ule. Kumbe lilikuwa jipu la pafu, na mpasuaji alipokata kulitafuta hakulifikia. Mersenne alikuwa ameagiza kwamba akifa mwili wake upasuliwe, ili chanzo cha ugonjwa kijulikane na wengine wapone. Alifariki tarehe 1 Septemba 1648, siku saba kabla ya kutimiza miaka 60, rafiki yake Padre Gassendi akiwa pembeni mwake. Swali lake la mwisho lilijibiwa juu ya mwili wake mwenyewe. Chumbani mwake zilikutwa barua za watu 78.

Orodha ilibaki. Kwa zaidi ya miaka 100 hakuna aliyeweza kuipinga wala kuithibitisha. Mwaka 1772 Leonhard Euler, akiwa karibu kipofu, alithibitisha kipeo 31. Kisha kimya tena, hadi Édouard Lucas, Mfaransa, alipovumbua njia mpya kabisa mwaka 1876. Kwa njia hiyo alionyesha kwamba kipeo 127 kinatoa namba tasa, namba ya tarakimu 39, ambayo hakuna kubwa kuliko hiyo iliyothibitishwa mpaka mwaka 1951. Lakini pia alionyesha kwamba kipeo 67 hakitoi namba tasa. Mersenne alikosea. (Lucas naye alikufa kwa ajali ya ajabu: sahani ilivunjika karamuni, kigae kikamkata shavuni, na jeraha likamuua. Wenyeji wa soko la vyungu watalielewa hilo.)

Kosa la pili lilifunuliwa mwaka 1883 na padre mwingine. Ivan Pervushin alikuwa padre wa Kanisa la Kiorthodoksi katika parokia za vijijini nchini Urusi, mbali na vyuo vikuu, na hesabu zake alizifanya kwa mkono. Alithibitisha kwamba kipeo 61, ambacho Mersenne hakukitaja, kinatoa namba tasa: 2,305,843,009,213,693,951, ambayo ni ya tarakimu 19. Wapo waliosema kwamba huenda mchapaji ndiye aliyeandika 67 mahali pa 61. Tungependa iwe hivyo, lakini makosa mengine yalifuata. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mmarekani R. E. Powers, mtumishi wa reli, alionyesha kwamba vipeo 89 na 107 navyo viliachwa nje kimakosa.

Habari ya kipeo 67 yastahili kusimuliwa. Lucas alijua kwamba namba hiyo si tasa, ila njia yake haikutaja vigawo vyake. Ilikuwa kama kujua kwamba chungu kina ufa kwa kukigonga, bila kuuona ufa wenyewe. Mtu akitaka kuvipata vigawo kwa kujaribu namba moja kila sekunde, moja baada ya nyingine, angehitaji miaka 6 na zaidi. Oktoba 1903, katika mkutano wa wanahisabati mjini New York, Frank Nelson Cole aliitwa kutoa mada. Alikwenda ubaoni bila kusema neno. Upande mmoja alipiga hesabu ya 2⁶⁷ − 1, akapata 147,573,952,589,676,412,927. Upande wa pili alizidisha 193,707,721 kwa 761,838,257,287, mstari kwa mstari, mpaka jibu likawa lile lile. Akaweka chaki chini, akarudi kukaa. Watu walipiga makofi. Baadaye alipoulizwa kazi ile ilimchukua muda gani, alijibu kwamba ilimchukua Jumapili za miaka mitatu. Tunatumaini alipata nafasi ya ibada kwanza.

Kipeo 257, cha mwisho katika orodha, nacho kilionekana kuwa si sahihi, na mwaka 1947 ukaguzi wa vipeo vyote ukakamilika. Miaka 303 ilikuwa imepita tangu dibaji ile. Hadi 257 kuna vipeo tasa 55. Mersenne alipatia 50 na kukosea 5: viwili alivyoviingiza bila haki, na vitatu alivyovisahau. Hata hivyo wanahisabati hawakulifuta jina lake. Kila namba tasa ya umbo hilo huitwa namba tasa ya Mersenne. Kubwa kuliko zote zinazojulikana ilipatikana Oktoba 2024, kipeo chake kikiwa 136,279,841, nayo ina tarakimu 41,024,320. Ilipatikana katika mradi ulioanza mwaka 1996, ambamo watu wa kujitolea wa nchi nyingi huziachia kompyuta zao zihesabu. Wengi wao si wanahisabati. Mersenne angewajua mara moja kuwa watu wake.

Na namba tasa zenyewe zimepata kazi ambayo hakuiwaza. Tangu mwaka 1977 kuna njia ya kufunga siri za mawasiliano inayotegemea jambo lile lile alilomuuliza Fermat: kuzidisha namba tasa mbili kubwa ni kazi nyepesi, lakini kupewa zao na kutakiwa kuzitaja namba mbili zilizolizaa ni kazi inayozishinda hata kompyuta. Malipo mengi yanayopita katika intaneti yamelindwa kwa njia hiyo au kwa njia za jamii yake.

Ile njia ya Lucas, ambayo Derrick Lehmer aliirahisisha karibu na mwaka 1930, ndiyo inayotumika hadi leo, na haihitaji kompyuta kwa namba ndogo. Anza na 4. Zidisha namba uliyo nayo kwa yenyewe, toa 2, gawanya kwa namba unayoipima, chukua baki. Fanya hivyo mara chache kuliko kipeo kwa 2. Baki la mwisho likiwa sifuri, namba ni tasa. Lisipokuwa sifuri, si tasa. Kwa 31, ambayo kipeo chake ni 5, hatua ni 3: 4 mara 4 ni 16, toa 2 ni 14, 14 mara 14 ni 196, toa 2 ni 194, baki ni 8, 8 mara 8 ni 64, toa 2 ni 62, na 62 ni 31 mara 2, baki sifuri. Kwa 127, ambayo kipeo chake ni 7, hatua ni 5, na mwanafunzi mwenye karatasi na kalamu ataziona zikipita hivi: 14, 67, 42, 111, sifuri. Akipenda aendelee na 2047, hatua 9, aone mwenyewe baki litakalomkatalia.